Mjane Kwenye Kiti cha Kusuka

Mtu akishuka njia ya ziwani pale mjini Baraka, kabla hajafika kwenye mitumbwi ataona nyumba ya Mama Bushira, na ubao wa mlangoni utamwambia kwamba ni saloni. Ndani kuna kioo kilichopasuka kwenye kona, viti vya plastiki, vitana vilivyokatika meno, na vikapu vya meshi, zile nywele za dukani, nyeusi, nyekundu, hata za bluu ambazo hakuna anayezitaka. Bamama wanaingia nywele zimesimama, wanatoka jua limegeuka, vichwa vinang'aa mafuta. Hakuna bwana anayeuliza kusuka kunachukua muda gani. Mwanaume hajui. Akiuliza ataonekana mjinga, basi ananyamaza.

Chini ya zile meshi kulikuwa na vitabu.

Hapo mwanzo Mama Bushira aliandika kwenye ubao maneno mengine: Maktaba ya Bamama. Yeye ni wa zile familia za Kiislamu za ufukoni. Baba yake alikuwa na boti za kwenda Ubwari, ng'ambo ya maji, na nyumba hiyo alimwachia yeye. Vitabu alivitafuta mwenyewe, kimoja kimoja: kitabu cha mimba chenye picha, vitabu vidogo vya sheria ya ndoa, vya shamba, vya magonjwa ya matiti. Ubao haukukaa. Wanaume walikuja kuuliza ni mafundisho gani hayo ya wake za watu huku mlango umefungwa, na asubuhi moja ubao haukuwepo tena. Mtu alikuwa amekwisha kuuchemshia maharage. Mama Bushira hakwenda kushitaki. Alitafuta kioo, akatafuta na msichana anayejua kusuka na kusoma.

Msichana huyo ndiye Fanny. Kusuka alijua tangu mdogo. Kusoma kwake kuliishia darasa la sita, kwa hiyo alisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na bamama walipenda hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyeachwa nyuma. Mmoja anasuka, mmoja anasoma, aliyekaa kwenye kiti anasikiliza. Kivuli kikionekana mlangoni, kila mtu alijua la kufanya: kitabu kinaingia kwenye kikapu cha meshi, mikono inarudi kichwani, na mwenye mdomo anaanza kulalamika juu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, au juu ya mama mukwe wake. Walifanya hivyo mpaka mikono ya Fanny ikaacha kungoja kuambiwa. Ilikwenda yenyewe.

"Bwana yangu aliniuliza jana," alisema siku moja Munira, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye kukaa kimya kulimshinda hata msibani kwa watu. "'Munira, hizi nywele ziko naota usiku? Kila juma kusuka!' Nikamwambia, 'Papa, kichwa yangu iko na moto, nywele zinakimbia.'"

"Na akakubali?"

"Akanigusa kichwa kama iko na moto kweli! Banaume, dada. Banaume."

Walicheka mpaka Mama Bushira akawaambia wapunguze, njia ina masikio.

Kulikuwa pia na karatasi za mkono. Hizo zilikuwa kazi ya Gentille, mwanamke mtulivu kutoka Lubondja, mke wa Mwalimu Eddy. Bamama wazee waliposema wanayoyajua, namna ya kukausha ndagala wakati wa mvua, namna ya kugeuza mtoto tumboni, namna ya kusimama mbele ya wazee wa ukoo, Gentille aliandika, na mzee mwenyewe akaweka dole gumba la wino wa bluu chini ya maneno yake. Mama Bushira ndiye aliyetaka hivyo. Bila dole, alisema, kesho watasema tulitunga. Mwandiko wa Gentille ungeujua popote: herufi zote zimeinamia upande mmoja, kama mpunga upepo ukipita. Hakubeba karatasi hata moja nyumbani. Eddy alikuwa amemwambia, bila kupandisha sauti, kwamba siku atakayokuta mkono wake kwenye mambo ya bamama wale wa ubao, atarudi Lubondja kwa baba yake peke yake, na mtoto anayenyonya atabaki. Eddy si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Basi, wakati huo ndipo Norbert alipokufa.

Norbert alikuwa shemeji yake Fanny, bwana wa dada yake Florentine. Homa ilimkamata akiwa mzima, ikamwacha akiwa maiti, na Florentine akabaki na wasichana wawili, Wivine na mdogo ambaye alikuwa bado anapelekwa kliniki kupimwa uzito. Kwa ukoo wa Norbert mjane hunyolewa siku ya maziko, na kuanzia hapo kichwa chake hakiguswi na kitana, wala mafuta, wala mkono wa msusi, mpaka siku ya kutoa matanga, msiba unapokwisha. Siku hiyo wanatandika mkeka, wanaweka koti la marehemu, na mjane analiokota mbele ya wazee, anampa mwanaume mmoja wa ukoo. Aliyepewa koti ndiye anayebaki na mjane, na nyumba, na watoto. Mjane asipompa mtu, anatoka na nguo aliyovaa. Watoto hawatoki.

Mwanaume aliyekuwa anangoja koti ni Bertin, mdogo wake Norbert. Bertin alikuwa na wake wawili, na wa pili alikuwa amerudi kwao bila meno ya mbele.

"Mi siwezi Bertin," Florentine alimwambia Fanny siku ya maziko, kwa sauti ya kukauka, wakati wanamnyoa. "Na siwezi kuacha batoto. Sasa nifanye nini, Fanny? We unayekaa na vitabu, niambie nifanye nini."

Fanny alitazama wembe unapita, akatazama nywele za dada yake zinaanguka.

Jibu lilimjia siku nyingine kabisa, anamsomea Munira. Alikuwa ametoa kwenye kikapu karatasi mojawapo ya bamama wazee, bila kuchagua, na hii ilikuwa ya Wabiwa, mwanamke wa Ubwari ambaye sasa ni marehemu. Akaanza kusoma kama siku zote:

"Mimi Wabiwa, koti la bwana yangu sikumpa ndugu yake. Nilikataa. Nilimpa mtoto wangu wa kwanza, binti. Wazee walikasirika, lakini hawakuweza kunitoa, kwa sababu maneno niliyasema yote, goti moja chini, na sikuyachanganya. Nilisema: nguo hii imetoka kwa baba, inaingia kwa damu yake. Anayenitaka aiombe damu hii. Mimi nakaa kwenye mlango wake. Mama yangu alisema hivyo, na mama yake. Wanaume wanaijua njia hii. Hawaisemi."

Akarudisha kidole juu, kwenye neno binti.

"Endelea basi," Munira alisema. "Ulimeza ulimi?"

"Yaya Florentine," Fanny alisema, maana ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa. "Yaya Florentine anaweza kumpa Wivine koti."

Kutoa matanga kulikuwa Jumamosi ile ile inayokuja.

Kesho yake Fanny alikwenda kwa dada yake na sombe kwenye sahani. Mama Espérance, mamake Norbert na Bertin, alikaa katikati yao kwenye mkeka, mnene, mtulivu, anachambua mchele. Mjane wa ukoo ule hazungumzi na wa kwao bila mtu wa ukoo kusikia. Fanny aliuliza habari za mtoto, Mama Espérance akajibu. Akauliza kama Florentine analala, Mama Espérance akajibu. Akainama kana kwamba anamnong'oneza mtoto, na Mama Espérance akaacha mchele.

"Sema kwa nguvu, mukwe. Hapa hatuna siri."

"Nilisema mutoto amenenepa."

"Amenenepa, ndiyo. Iko nakula kwa ukoo wake."

Mahali pamoja tu mjane aliruhusiwa kwenda bila mama mukwe: kliniki kumpima mtoto, siku ya Alhamisi. Fanny alimwomba Mama Bushira ruhusa ya kumpitisha dada yake saloni.

"Hapana," Mama Bushira alisema.

"Kidogo tu, Mama. Ajue yale maneno. Akichanganya hata moja, bale bazee batamcheka na batamtoa."

"Fanny, mwanangu. Kila muntu anayeingia hapa, nikiulizwa alikuja kufanya nini, niko na jibu: alikuja kusuka. Yule nitasema alikuja kufanya nini? Kichwa yake haisukwi."

Lilikuwa neno la kweli, na Fanny alilisikia vizuri. Hata hivyo, Alhamisi alingoja njiani, na mvua ilipoanza kuanguka kwa kishindo alimshika Florentine mkono, akamfunika kikwembe, kitenge cha kujifunga, mpaka machoni, akamwingiza.

Mama Bushira alimwona mjane na yule mtoto wameloa, akaleta kitambaa. Munira alikuwepo, kichwa nusu kimesukwa. Florentine aliketi kwenye kiti mbele ya kioo kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, na kikwembe kilicholoa akakitoa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, fupi, laini, kama za mtoto mchanga. Fanny alisimama nyuma yake na karatasi ya Wabiwa mkononi.

"Nguo hii imetoka kwa baba," akasoma.

"Nguo hii imetoka kwa baba."

"Inaingia kwa damu yake."

"Inaingia kwa damu yake. Fanny, ni kweli batakubali? Kwa binti?"

"Wabiwa alifanya. Sema, yaya. Anayenitaka..."

"Anayenitaka aiombe damu hii." Hapo Florentine alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu maziko. "Bertin amuombe Wivine! Na vile Wivine anamchukia!"

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, hakuna aliyesikia miguu. Kivuli kikajaa mlangoni.

Munira, masikini, alifanya vile walivyozoea. "Sombe ya leo, mama yangu, mchanga mutupu!" alipiga kelele. Na mikono ya Fanny ikafanya vile ilivyozoea. Karatasi ikazama kwenye kikapu, meshi nyeusi ikatoka, vidole vikatua juu ya kichwa cha Florentine na kushika zile nywele fupi, meshi inaning'inia begani.

Alikuwa Mama Espérance, mwavuli mkononi. Alikuwa ameona mvua, akamfuata mjukuu ili asiloe, na kila nyumba ya njiani alichungulia kama wamejikinga humo.

Hakupiga kelele mara moja. Alitazama kioo, akatazama mafuta ndani ya kopo, akatazama vidole vya Fanny. Fanny mwenyewe aliviona vidole vyake kwenye kioo, kama vya mtu mwingine, akavitoa, lakini ilikuwa imekwisha.

"Mutoto yangu bado hajaoza," Mama Espérance alisema. "Mutoto yangu bado hajaoza kaburini, na we uko nasukisha?"

"Mama, hapana," Florentine alisema. "Nywele zenyewe ziko wapi za kusuka?"

"Mkono ya musuka iko juu ya kichwa yako, mi nimeona na macho yangu! Uko natengenezwa kwa ajili ya nani?" Akamchukua mtoto mikononi mwa mamake, akatoka nje kwenye mvua, na sasa ndipo akapiga kelele, mlango kwa mlango, mpaka juu barabarani. Watu walitoka na ndoo vichwani kusikiliza.

Jioni hiyo habari ilikuwa imefika kwa kila mtu. Mjane aliyeguswa kichwa kabla ya siku amejitoa matanga mwenyewe, na haitwi tena kwenye mkeka kuchagua, anaitwa kuondoka. Bertin alipita mbele ya saloni na rafiki zake, akasimama.

"Musichana wa kusuka!" aliita. "Asante sana! Nilikuwa nangoja Jumamosi nipewe mwanamuke, nyumba na batoto. Sasa nitapata nyumba na batoto, na chakula ya muntu mmoja imepungua!"

Wenzake wakacheka. Fanny alikuwa ndani, chini, ameegemeza kichwa kwenye kikapu. Mikono yake aliikalia.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya Mama Bushira.

"Nitakwenda kusema ukweli. Nitasema hatukuwa tunasuka, tulikuwa tunasoma. Na nitabeba karatasi ya Wabiwa."

Mama Bushira alikuwa anafagia. Hakuacha kufagia. "Ukisema tulikuwa tunasoma, nani atamwachilia tena muke wake aje kusuka?"

"Najua."

"Hujui. Kuko huyu mama Mwanahamisi, anakuja hapa kwa sababu ya kile kitabu ya matiti, bwana yake hataki hata asikie neno titi. Munira anajifunza kuhesabu mavuno ya shamba yake. Bote baliniamini. Na we dada yako ni mmoja."

"Ni mi nilimgusa kichwa, Mama. Asingekuja hapa, angekuwa na nafasi yake kwa mkeka. Sasa hana hata hiyo."

"Basi nenda na mdomo wako. Karatasi iache."

"Bila dole la Wabiwa ni maneno ya Fanny tu. Ni we ulitufundisha."

Ufagio ukasimama. "Na mwandiko? Uliwaza mwandiko ni ya nani? Katibu wa ule ukoo ni nani, Fanny?"

Fanny alijua. Katibu wa ukoo alikuwa Mwalimu Eddy, kwa upande wa mama yake. Kila mkutano alikaa kuume kwa Mzee Alphonse, mkubwa wa ukoo, na kalamu mfukoni.

"Haitatoka mkononi mwangu," alisema. "Nitasoma mi mwenyewe. Dole nitawaonyesha kwa mbali."

Mama Bushira aliegemeza ufagio ukutani, akaenda uani, akamwacha peke yake na vikapu. Hakusema chukua, hakusema acha. Fanny akachukua.

Alijaribu kwenda kumuuliza Gentille kwanza. Alifika, akamkuta Eddy amekaa mlangoni anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Alimkaribisha kwa heshima, akamuuliza habari za dada yake, akasema ni jambo la kusikitisha. Nyuma yake, ndani, Gentille alipita na sufuria, akamwona Fanny, akatikisa kichwa kidogo sana: si sasa. Fanny akasema alikuwa anapita tu. Akarudi na swali lake tumboni.

Jumamosi uwanja wa Norbert ulijaa. Mkeka ulitandikwa, koti la kijivu, lile la ndoa, lilikunjwa juu yake. Wazee walikaa kwenye viti, Mzee Alphonse katikati, mtu mwembamba mwenye kofia. Eddy kuumeni kwake. Wanawake chini upande wa jiko. Florentine hakuwekwa kwenye mkeka. Aliwekwa pembeni, karibu na njia ya kutokea, na kifurushi cha nguo miguuni ambacho mtu alikuwa amekwisha kumfungia. Wivine alikuwa amekamata kikwembe cha mamake kwa mikono miwili. Mama Espérance alikuwa na mdogo.

Bertin alisema maneno yake. Mama Espérance akasema ya kwake, na hakudanganya hata kidogo, alisema alichokiona. Mzee Alphonse akamuuliza Florentine kama mkono wa msusi ulimgusa kichwa.

"Ulinigusa," Florentine alisema. "Lakini hakunisuka."

"Mkono wa musuka unagusa kichwa ili kufanya nini kingine?" Bertin akauliza. "Kutafuta chawa?"

Wanaume wakacheka. Fanny akasimama.

"Bazee, nisameheni. Mkono ni wangu. Sikumsuka. Nilikuwa nabeba karatasi, nilimsomea. Nilipoona muntu mlangoni nilificha karatasi na nikashika kichwa, sababu ndivyo tunafanyaka."

"Ndivyo munafanyaka nani?" Mzee Alphonse akauliza.

Wanawake wa upande wa jiko walivuta vikwembe vichwani. Munira alikuwa katikati yao, ametazama chini.

"Ndivyo tunafanyaka pale saloni. Si saloni tu. Kuko vitabu. Tunasomea bamama."

Kicheko kilikuwa bado kwenye midomo ya wanaume wengine, na Fanny alikiona kinakauka, mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyokumbuka mke wake anasuka mara ngapi. Haikuwezekana tena kulirudisha neno lile. Akatoa karatasi.

"Nilikuwa namsomea hii. Ni maneno ya Wabiwa wa Ubwari. Iko na dole yake."

"Wabiwa?" Mzee Alphonse aliinua kofia. "Wabiwa muke ya mzee Ramazani wa boti?"

"Ndiyo, Mzee."

"Alikuwa shangazi yangu." Akarudisha kofia kichwani. "Soma."

Fanny akasoma, polepole, kidole chini ya maneno. Alipofika mahali pa binti, Bertin akaruka.

"Anatunga! Huyu shule yake ilikufa darasa la sita, mnaona vile anasoma? Anaongeza ya kwake!"

Wazee wakanong'ona. Mmoja akasema ni kweli, msichana ni wa upande wa mjane, anaweza kusema lolote. Mzee Alphonse akanyoosha mkono.

"Mupe katibu. Katibu atasoma yeye, sote tusikie."

Fanny aliibana karatasi kifuani. "Mzee, nasoma mi tu. Nitarudia toka mwanzo."

"Kama ni ya kweli, unaogopa nini?"

Eddy alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, kwa adabu, kama anavyoipokea kazi ya mwanafunzi. Fanny alitazama upande wa jiko. Gentille hakuwepo. Alitazama njia ya kutokea. Wivine alikuwa anamtazama yeye, Fanny, si wazee, wala si mamake. Alikuwa anangoja mama yake mdogo afanye kitu.

Akampa.

Eddy alianza na sauti ya darasani, safi. Mimi Wabiwa, koti la bwana yangu sikumpa ndugu yake. Kisha akasema "Nilikataa," na hapo sauti ikakwama. Ilikuwa kidogo tu; mwingine angedhani anameza mate. Macho yake yaliacha kusoma maneno yakaanza kutazama herufi zenyewe, vile zilivyoinama. Fanny alimwona anajua. Kisha Eddy akakohoa, akaendelea mpaka mwisho, bila kuruka neno, hata lile la wanaume wanaijua njia hii, hawaisemi.

Mzee Alphonse aliichukua karatasi, akasogeza dole la bluu karibu na jicho.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Nilikuwepo siku ile Ubwari. Binti alikuwa mdogo, koti lilimfunika mpaka miguuni, tulicheka. Lakini lilipita." Akamgeukia Mama Espérance. "Mama, mkono ule haukuja kupamba kichwa. Ulikuja kuficha karatasi. Ni vibaya, lakini si kujitoa matanga. Mjane aje kwenye mkeka."

Florentine alikwenda. Akaweka goti moja chini, akaokota koti, na maneno akayasema moja moja, na Fanny aliyasema naye moyoni akiogopa kila mwanzo wa neno. Hakuchanganya. Wivine alipokea koti, akalikumbatia, hakujua alifanye nini, akalivaa.

Bertin alitema mate, akaondoka. Mama Espérance akamrudisha mtoto mdogo kwa mamake, bila kumtazama usoni. Mtu mmoja akapiga vigelegele upande wa jiko, akakatisha katikati. Wanaume wengi walikuwa wamekwisha kusimama, wanawaita wake zao kwa majina, twende nyumbani.

Fanny alimtafuta Eddy. Alimwona anaikunja karatasi mara mbili, anaitia kwenye mfuko wa shati, anafunga kifungo. Anamuaga Mzee Alphonse kwa mikono miwili. Anashika baiskeli yake.

Barabara ya baiskeli inazunguka sokoni. Fanny alipita katikati ya mihogo ya watu, akikimbia, kikwembe mkononi, bila kumuaga dada yake.

Gentille alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, mtoto mgongoni.

"Karatasi ya Wabiwa," Fanny alisema, pumzi imekatika. "Iko na Eddy."

Mchi ukasimama.

"Balikataa nisome mi. Ni mi nilimupa, Gentille. Na mkono wangu."

"Alisoma mbele ya batu?"

"Mbele ya ukoo muzima."

"Yote?"

"Yote. Hakuruka."

Gentille alitazama ndani ya kinu kana kwamba jibu lingine lilikuwa humo. "Na batoto ya Florentine?"

"Banabaki na mama yao."

Akatikisa kichwa kukubali. Akafuta mikono.

"Twende kwa Mama Bushira," Fanny alisema. "Tupite huku nyuma. Kesho kuko boti ya Ubwari. Gentille, tafadhali, twende!"

"Nikikimbia na mutoto atasema nimemwiba, na batamupa haki. Nikikimbia bila mutoto, ndiyo anataka." Alimfungua mtoto mgongoni, akakaa kwenye kibao, akampa titi. Mtoto akatafuta chuchu mara mbili ndipo akaipata. "Mi siendi. Nitamwambia niliandika. Lakini kaa, Fanny. Sitaki anikute peke yangu."

Fanny akakaa chini, karibu naye, mpaka bega likagusa bega. Upande wa mbele wakasikia baiskeli inaegemezwa ukutani, taratibu, na mtu anayeangalia isianguke.